Ganzi ya Mguu wa Kulia

Kazi yake ilikuwa kubeba makohozi ya watu. Ndivyo alivyoisema mwenyewe kila alipoulizwa, na watu walicheka, kisha wakasogea kidogo. Jumatatu hadi Ijumaa alizunguka zahanati tisa kwa pikipiki, akikusanya sampuli za makohozi na damu ndani ya kisanduku cha baridi cha rangi ya buluu, na ilimbidi azifikishe maabara ya hospitali kubwa kabla ya saa kumi jioni. Kisanduku kilifungwa nyuma yake kwa mipira, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Sanduku. Hata mkewe alimwita hivyo, siku zile alizokuwa na furaha.

Njia yake fupi ilikuwa kilomita tisini. Ile ya Jumanne, ya milimani, ilikuwa mia moja na sitini, nusu yake mawe matupu. Kiti cha pikipiki kilitoka kiwandani kikiwa chembamba na kimeinamia mbele, kwa hiyo kila akifunga breki aliteleza hadi kwenye tangi, halafu akajisukuma nyuma kwa makalio kama mtu anayejikuna. Miaka minne aliivumilia hali hiyo. Mwaka wa tano sponji ikalala, na kuanzia hapo alikuwa amekalia plastiki iliyovishwa nguo.

Mwanzo yalikuwa maumivu ya kiuno na ya mfupa wa mkia. Akajikaza kisabuni. Alifunga taulo juu ya kiti. Mvua ya kwanza ikalilowesha, likamtia vipele. Alijaribu tyubu ya gurudumu iliyojazwa upepo nusu. Ikamyumbisha kwenye kona kama mlevi. Mwisho akachukua mto wa kitandani, ule wa upande wake, akaufunga kwa kamba.

"Na wewe utalalia nini?" mkewe alimuuliza.

"Mkono wako."

Mkewe alicheka sana asubuhi ile.

Baadaye maumivu yalipungua, naye akashukuru, asijue kwamba kilichokuja badala yake kilikuwa kibaya zaidi. Ilikuwa ganzi. Ilianzia katikati ya mapaja baada ya saa moja ya safari, na akisimama ilitoka. Mwaka wa sita ikaacha kutoka. Alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akaoga nayo. Ikashuka mguu wa kulia mpaka vidoleni, akawa anaweza kutembea hatua tano kabla ya kugundua kwamba ndara moja imebaki nyuma. Chumbani nako mambo yalisimama, kwa maana ya kwamba hayakusimama tena.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na baba aliyewahi kumfundisha kwamba mwanamume halalamikii mwili wake. Mkewe alisubiri mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaanza kunusa mashati kabla ya kuyafua.

"Ni nani?" alimuuliza jioni moja, bila kupandisha sauti.

"Nani nani? Nimechoka tu."

"Umechoka miezi minane?"

Angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwepo, hayakuwa hata mengi. Badala yake alitoka nje kwenda kukaza mnyororo wa pikipiki, mnyororo ambao haukuwa umelegea. Aliporudi ndani, mkewe alikuwa amehamishia shuka zake chumba cha watoto.

Alianguka Jumanne moja ya masika, kwenye mteremko baada ya zahanati ya tatu. Kulikuwa na kona, na mto wa kitandani ulikuwa umeanza kuhama upande. Alikanyaga breki ya nyuma. Pikipiki haikupunguza mwendo, akakanyaga tena, kwa nguvu zaidi, na ndipo alipotazama chini akaona kwamba mguu wake ulikuwa umekanyaga chuma cha kuwekea mguu. Ulikuwa kando kabisa ya breki, wala yeye hakuwa amehisi tofauti. Walienda chini pamoja, yeye na pikipiki na kisanduku. Bega lilivimba lakini halikuvunjika. Kisanduku kilifunguka, na vichupa vya watu kumi na mmoja vikasambaa kwenye mawe. Aliviokota kimoja kimoja. Hapakuwa na kizima.

Hospitalini aliulizwa kilichotokea.

"Mbuzi alikatiza," alisema.

Wakampa pole na dawa ya kuchua. Maabara ikapiga simu zahanati: wagonjwa wote wa siku ile watoe sampuli upya.

Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa msusi, binti wa mwanamke aliyefanya usafi katika zahanati ya tatu. Alikuwa amekohoa miezi mitatu, na mama yake ndiye aliyemshika mkono mpaka akakubali kupimwa. Siku alipoambiwa arudie, alikuwa amezidiwa. Mvua ilikuwa imekata njia. Alirudi baada ya wiki mbili akiwa amebebwa kwenye kiti cha plastiki na majirani wawili, akatoa sampuli, akarudishwa nyumbani. Majibu yalitoka: kifua kikuu. Dawa zake zilipandishwa mlimani Jumanne iliyofuata, na aliyezipandisha ni Sanduku mwenyewe.

Tabibu wa zahanati alizipokea, akasoma jina lililoandikwa kwenye pakiti, akaziweka mezani taratibu.

"Tumemzika juzi Jumapili," alisema.

Sanduku alitoka nje kupumua, na pale barazani akamkuta mama wa marehemu. Alikuwa amerudi kazini, kitambaa cheusi kichwani, fagio mkononi. Mtoto wa kike wa miaka kama sita alikuwa ameketi nyuma yake, ameegemea ukuta. Ndiye aliyeachwa na marehemu.

"Bega limepona, mwanangu?" mama aliuliza. "Nilisikia mbuzi alikuangusha. Pole sana. Hii njia itakuja kukuua."

"Limepona, mama. Na wewe pole kwa msiba."

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa."

Akaendelea kufagia. Sanduku alifunga kisanduku chake, mpira ukimponyoka mara mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Jumamosi aliipeleka pikipiki kwa fundi wa viti. Fundi huyo alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, watu wakimwita Mama Sindano, na banda lake lilikuwa nyuma ya gereji, limejaa viti vya magari vilivyochunwa na harufu ya gundi. Alijisifu kwamba ameyahudumia makalio ya mji mzima bila kugusa hata moja. Alikibonyeza kiti cha Sanduku kwa ngumi, ngumi ikagonga plastiki.

"Hiki si kiti," alisema. "Hiki ni kifuniko. Umekikalia muda gani?"

"Miaka saba."

Aling'oa pini kwa bisibisi, akavua ngozi bandia. Sponji ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa njano, aliikung'uta chini. Kisha akajaza mchanga mbichi kwenye mfuko wa nailoni, akaulaza juu ya benchi.

"Kaa hapa. Kaa kama uko njiani, usijibane."

Sanduku alikaa, akahesabu mpaka thelathini kama alivyoambiwa, akainuka. Kwenye mchanga palikuwa na mashimo mawili. Mama Sindano akayapima kwa rula.

"Hii ndiyo mifupa yako ya kukalia. Kazi ya kiti ni kukubeba hapa na hapa, basi. Hapa katikati pasiguswe na kitu, maana ndipo mishipa inapopita. Watu wote wanakuja, mama niwekee laini, mama niwekee laini. Laini ni mtego. Dakika kumi za kwanza unafurahi, halafu mifupa inazama, sponji inajaa katikati, inakubana usipotaka kubanwa." Alimtazama. "Pameshakufa ganzi?"

Sanduku alikuwa akiangalia lundo la vipande vya ngozi pembeni.

"Ndiyo."

"Mguu nao?"

"Wa kulia."

"Na mengineyo?"

Gereji walikuwa wakigonga bati.

"Na mengineyo," alisema.

"Mkeo anajua?"

"Anadhani nina mwanamke."

Mama Sindano alisonya, lakini si kwa ukali. "Nyinyi wanaume mko radhi muitwe wazinzi kuliko muitwe wagonjwa. Marehemu wangu alikuwa hivyo hivyo. Alificha uvimbe mpaka ukawa unatutazama wote mezani."

Akashika kazi. Alichukua sponji ngumu, ile ya vipande vilivyogandishwa, akaikata kwa kisu kirefu alichokuwa akikichovya kwenye maji ya sabuni. Mbele ya kiti aliinua kwa kabari ili mtu asiteleze kwenye tangi. Nyuma alipanua upana wa viganja viwili, kufuata vipimo vya mchanga. Katikati alichonga mfereji. Juu ya hiyo ngumu akagandisha tabaka jembamba laini, la kuondoa ukali tu, kisha karatasi ya nailoni ya kuzuia maji. Ngozi alishona Jumapili asubuhi, akihakikisha hakuna mshono unaopita pale mtu anapokalia. Mara tatu alimpandisha Sanduku juu ya pikipiki, mara tatu akamshusha na kupunguza kidogo.

"Kila baada ya saa moja ushuke utembee," alimwambia alipomaliza. "Na kesho uende kwa daktari. Mimi natengeneza viti, sitengenezi watu."

Sanduku alifika nyumbani mchana ule ule. Mkewe alikuwa akipiga pasi sare za watoto. Alimwambia akiwa amesimama mlangoni, kofia ya pikipiki bado mkononi, kama mtu aliyeleta ujumbe wa jirani. Mkewe aliisimamisha pasi.

"Rudia."

Akarudia, na safari hii alitaja kila kitu kwa jina lake.

Mkewe alikaa kitandani. "Miezi minane," alisema. "Miezi minane napigana na mwanamke ambaye hayupo. Nimemtafuta kwenye simu yako, nimemtafuta mpaka kwa wauguzi. Nilishamchagulia hadi sura." Hakulia. Alikuwa na hasira iliyompausha midomo. "Ulikuwa unanionaje, wewe? Ningekucheka?"

"Niliona haya."

"Haya."

Ndipo alipomweleza na habari ya breki, na ya vichupa, na ya yule msusi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaishika tena pasi ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Hilo la mwisho usiniambie mimi," alisema. "Lina mwenyewe."

Daktari alimpiga picha ya mgongo. Alisema pingili mbili zimebana mshipa, na kiti kibovu na barabara vimechangia. Huenda hisia zingerudi kiasi, huenda zisirudi. Ganzi ikishavuka mwaka hakuna wa kuahidi. Alimwandikia mazoezi na karatasi ya kuombea kazi ya mezani. Ofisini waliipokea karatasi, wakasema hakuna meza iliyo wazi.

Kwa hiyo Jumanne akapanda mlima. Kiti kipya kilimbeba vizuri. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alifika zahanati ya tatu bila kuwa amesaga meno, na raha ile ilimchoma, maana ilikuwa kazi ya siku mbili tu, na ingeweza kufanyika mwaka uliopita.

Mama alikuwa akipiga deki. Sanduku alivua kofia.

"Mama, hapakuwa na mbuzi."

Alimweleza akiwa amesimama kwenye sakafu iliyolowa. Kwamba mguu ulikufa ganzi, kwamba alijua umekufa, kwamba aliendelea kuendesha.

"Ulijua tangu lini?" mama aliuliza.

"Yapata mwaka."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Mama alikamua kitambaa mpaka tone la mwisho. Tabibu, aliyesikia kupitia dirishani, alitoka akasema kwa upole kwamba binti alichelewa kuja tangu mwanzo, pengine hata sampuli ile ingefika mambo yasingebadilika.

"Pengine," mama alisema. Kisha akamwambia Sanduku, "Unakanyaga nilipopangusa."

Kuanzia siku hiyo hakumsalimia tena. Kila pikipiki iliposikika kwenye mteremko, alichukua ndoo yake akazunguka nyuma ya jengo. Jumanne baada ya Jumanne Sanduku alishuka, akanyoosha kiuno, akapokea vichupa kutoka kwa tabibu, akaondoka. Mguu ulirudi polepole hadi kwenye kifundo. Vidole vilibaki vimekufa, akafunga kipande cha chuma kwenye breki ili iwe ndefu na ikanyagwe kwa kisigino. Mkewe alirudi chumbani mwao. Yale mengineyo hayakurudi, na siku nyingi walilala wakizungumzia ada za shule na bati linalovuja, mkono wake chini ya kichwa cha mumewe.

Miezi mitano hivi baadaye, Jumanne moja, tabibu hakuwepo barazani. Aliyekuwepo ni mama, amesimama wima, bila ndoo. Yule mtoto wa kike alikuwa ameshika gauni lake, amekonda, anakohoa kikohozi kidogo kikavu. Mama alinyoosha mkono wenye kichupa kilichofungwa kwa plasta, chenye jina.

"Cha mjukuu wangu," alisema. "Ametoa asubuhi, kwa taabu."

Sanduku alikipokea kwa mikono miwili. Alikipanga katikati ya vingine, akavizungushia kitambaa, akafunga kisanduku, akavuta kila mpira kuujaribu. Mama alikuwa akimtazama muda wote, na Sanduku alipopanda pikipiki, mama alishuka ngazi akatazama mguu wake ulipokanyaga.

"Nenda," alisema.

Kichupa kilifika saa tisa na nusu. Majibu yalisema mtoto anao ugonjwa ule. Dawa zilipanda mlima Jumanne iliyofuata, na siku ile ile mtoto alimeza kidonge cha kwanza, akakitema, akakimeza tena, bibi yake akimshika pua. Sanduku alisubiri nje mpaka akahakikisha kimeshuka. Alipoaga, tabibu alimjibu. Mama alikuwa ameinama, anafunga mfuko wa dawa kwa mafundo mawili, wala hakugeuka.