Siku Niliposema Bahari Ina Kosa

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso na ncha ya kanga, maana mpaka leo nikipita sokoni kuna watu wananiita Bi Kosa, na siwezi hata kukasirika.

Kijijini kwetu, upande wa Mnazi Bay, walikuja wataalamu waliokuwa wanapima sakafu ya bahari, wakaitisha mkutano watueleze walichokiona, ila mkalimani wao akaamka na homa, basi mwenyekiti akanigeukia: "Somoe, si umemaliza kidato cha sita wewe?" Nikajibu, "Naweza." (Nani alinituma? Kiingereza changu ni cha kusalimia na kuagia.)

Mwanzo mambo yalikwenda. Yule mama mtafiti, Mzungu, akatandaza ramani, akaonyesha kwamba chini huko kuna mgongo mrefu kama safu ya milima, na pembeni yake bonde, mimi natafsiri vizuri tu, mpaka akatamka neno "fault", ambalo shuleni nililijua kwa maana ya kosa. Nikasita. Kosa la nani, baharini? Lakini watu wananitazama, nikapaza sauti: "Anasema chini ya bahari kuna kosa kubwa, limeanzia kaskazini mpaka kusini, na limepita mbele yetu hapa hapa!"

Mama mmoja akauliza, "Kafanya nani?"

Nikamuuliza mtafiti (sijui hata nilimuulizaje), naye akaeleza kwamba Madagaska zamani ilikuwa imeshikana na Afrika, kisha ikateleza kwenda kusini, nami kichwa kimeshavurugika nikawaambia, "Kwa sababu ya kosa hilo, Madagaska imehama."

Sasa wavuvi wetu, walioonywa mara ngapi sijui kuhusu kuvua kwa baruti, wakaanza kutazamana, na pale mbele alikuwa ameketi afisa wa hifadhi ya bahari. Mara akasimama mjomba wangu Bakari, ndugu wa mama tumbo moja, jasho linamtiririka.

"Mimi nilirusha, sikatai! Lakini baruti yangu ilikuwa ya kuulia vibua tu. Itahamishaje Madagaska?"

Afisa akamgeukia taratibu. Mtafiti haelewi, mimi sielewi, akaniuliza kuna nini nikamrudishia neno lake, "Fault?", ndipo akabandika viganja vyake pamoja akavisugua, kimoja kikaenda huku kingine kule, na mimi nikapiga kelele, "Ufa! Ni ufa jamani! Ardhi ilipasuka ikateleza yenyewe, kabla hajazaliwa mtu yeyote, huo mgongo na bonde ndiyo makovu yake!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini mchangani, wote isipokuwa afisa na mjomba. Mjomba aliitwa ofisini, akapewa onyo kali, akaapa mbele ya mwenyekiti kwamba baruti hataigusa tena, na alipotoka akaniambia, "Mpwa wangu, umenichongea kwa lugha ya watu." Kwa miezi kadhaa shikamoo zangu aliziitikia kwa kukohoa.

Nimekoma. Siku hizi akija mgeni kijijini, hata akiuliza choo kiko wapi, namwonyesha kwa kidole.