Chai ya Balozi

Ka-ka-ka, ting! Sauti ya taipureta ile bado ninaisikia, ikipenya ua wa miiba ya kaiyaba nikifagia uwanja wetu nje kidogo ya Nyeri. Mwenyewe, jirani yetu, tulimwita Balozi. Alikuwa ameiwakilisha serikali nchi za mbali, kisha akawa mwalimu wa chuo kikuu Nairobi, na miaka ile ya tisini alirudi kuandika kitabu kwenye shamba la marehemu mama yake. Mimi nilimpenda tu. Alinitajia miji mikuu ya dunia, nami nikilala naota niko huko. Wakubwa walimshuku. "Mtu hana ng'ombe, hana kahawa, anaandika nini siku nzima?" mama aliuliza. "Anatuandika sisi," baba akamjibu. "Ati nani amesema nini juu ya serikali." Baba akaleta mbwa mkali. Balozi kumwona mbwa, akaziba pengo la ua tulilopitia kwenda mtoni. "Mnaona?" baba akasema. "Anaficha kitu."

Nilimwuliza kupitia miiba anaandika nini. "Kwa nini nchi jirani zinaogopana, Wambui. Moja inafuga mbwa, nyingine inaziba ua, na kila moja inaapa inajilinda tu." Akacheka, kisha akautazama ule ua, kicheko kikamwisha. Siku hiyohiyo alifungua pengo, akaalika majirani chai Jumapili. "Wakikataa kuinywa," aliniambia, "nitajua hapa si kwangu tena."

Walikuja wote. Lakini kwetu mwenyeji huonja kwanza, wageni waone haina sumu. Balozi, kwa adabu alizozoea ugenini, alingoja wageni waanze. Wakangojana hivyo, vikombe mkononi, mpaka chai ikafanya utando. "Mbona yake haigusi?" mama alimnong'oneza baba. Wakaaga kwa heshima zote. Wiki hiyo haikuisha kabla Balozi hajarudi Nairobi.

Siku hizi ninaishi Nanyuki, mtaa wa kuta za mawe, na jirani yangu ninamjua kwa rangi ya geti lake. Tunapungiana mkono vizuri sana. Chai yake sijawahi kuonja, wala yeye yangu. Hapo ndipo ninapoikumbuka Jumapili ile, wageni wameshaondoka, Balozi yuko ndani anafunga taipureta kwenye sanduku lake. Nilirudi peke yangu kupitia lile pengo, nikachukua kikombe cha baba, nikatoa utando kwa kidole, nikainywa chai yote, baridi hivyo hivyo.