Sauti Iliyotoka Kinywani mwa Nyasani

Bitutu alilelewa katika nyumba ambayo Ijumaa jua likizama hata ufagio ulipumzika. Baba yake alikuwa Msabato wa kweli kweli, mwenye boma kwenye kilima kimoja upande wa Nyamira, na binti zake walijua nyimbo za kanisa kabla ya kujua kuchuma chai. Ndiyo maana watu walishangaa alipoolewa na Nyasani.

Nyasani alikuwa mpiga obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane kinachonguruma kama fahali aliyefungiwa zizini. Wazee wa kanisa hawakukipenda chombo hicho. Nyasani alibatizwa ili amwoe Bitutu, akatengwa kwa kwenda kupiga obokano kwenye harusi iliyokuwa na pombe, akatubu, akabatizwa tena mtoni.

"Mto ule sasa unaniita kwa jina," alikuwa akisema, na hata mashemasi walicheka wakiwa wamegeuza nyuso.

Hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Lakini alijua kumwigiza mlevi kuliko walevi wenyewe walivyojua kulewa. Alikuwa na sauti nene yenye mikwaruzo, na alizoea kuvuta neno moja katikati ya sentensi kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Bitutu alianza kuipenda sauti ile kabla hajaupenda uso.

Mwaka wa 1971 walikuja watu wa filamu kutoka Nairobi. Walitaka kutengeneza picha juu ya mkulima wa chai aliyeharibu nyumba yake kwa ulevi, na walitafuta mtu wa kuwa shemeji mlevi anayevuruga harusi. Waliulizwa watu kumi, wote wakamtaja Nyasani. Akapewa sentensi moja ya kusema kabla ya kuanguka ndani ya kikapu cha chai. Kwa majuma mazima aliifanyia mazoezi nyumbani, akikamua ng'ombe, akila, akifunga viatu vya kanisani.

"Mimi sijarewa! Ni hii dunia imerewa!"

Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, na ulimi wake haukuwa na nafasi ya herufi L. Watoto wakaishika sentensi ile. Bitutu mwenyewe alijikuta akiisema kisimani, akaona haya.

Filamu ilipokamilika, gari la sinema liliileta Keroka, ikaonyeshwa kwenye uwanja wa soko. Bitutu hakwenda, kwa maana kanisa lilikataza. Nyasani alikwenda na kurudi kimya.

"Ilikuwaje?" mkewe akamuuliza.

"Nimeuona uso wangu," alisema, akavua viatu, akalala. Bitutu alidhani amechoka.

Mwanzoni mwa 1973 Nyasani alinyeshewa akirudi kutoka Ogembo, akashikwa na kichomi. Hakumaliza juma. Bitutu alimlilia kama ilivyopasa, akanyolewa nywele, akakaa na wanawake wa ukoo mpaka siku za kukaa zikaisha. Kila kitu kilikuwa na mahali pake: nani alie wapi, nani aseme nini, lini watu wanyamaze. Alikuwa na huzuni, lakini hakuwa amepotea njia.

Ilikuwa mwaka uliofuata ndipo Ondieki, naibu wa chifu, alipopanda kilima kumletea habari.

"Mama Nyamoita," alisema, maana Nyamoita ndiye kifungua mimba wa Bitutu, "wale watu wa sinema wana sherehe Kisii Jumapili ijayo. Wanawapa vikombe waigizaji bora. Na mzee wako wanataka kumuenzi."

"Kumuenzi ni kumfanya nini?"

Ondieki alijikuna shingo. "Ni kumkumbuka. Kwa heshima."

"Tulimzika kwa heshima."

"Hii ni heshima nyingine, ya Nairobi. Watamwonyesha."

"Watamwonyesha vipi mtu aliye kaburini?"

"Nenda tu, mama. Utaona mwenyewe."

Bitutu hakulala vizuri siku zile. Sinema ilikuwa dhambi, hilo alilijua. Lakini wazo moja lilimwingia likakataa kutoka: huko ndani angemsikia tena baba Nyamoita. Uso wake bado aliukumbuka. Sauti ndiyo ilikuwa imeanza kumtoroka. Alikuwa akiitafuta kichwani asubuhi na kupata mkwaruzo tu, bila maneno.

Alikwenda na Persis, dada yake Nyasani, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyevaa kitambaa cha manjano kana kwamba anakwenda kuposewa. Walifika Kisii kabla ya saa nane mchana. Kwenye mlango wa jumba la sinema walipewa viti vya mbele, na mtu mmoja akawabandikia maua ya karatasi vifuani. Jua lilikuwa kali huko nje, lakini mlango ulipofungwa ndani kukawa giza kama la chini ya kitanda.

Mwanzoni Bitutu hakuelewa chochote. Kijana nadhifu mwenye suti ya kijivu alisimama jukwaani na kuzungumza Kiswahili laini kilichomteleza masikioni. Watu walipanda, wakapewa vikombe vya shaba, wakalia machozi.

"Mbona wanalia ikiwa wamepewa?" alimnong'oneza Persis.

"Ni furaha."

"Na sisi tuliokuja kwa ajili ya maiti, tufanye nini?"

Persis alimnyooshea ua la karatasi kifuani.

Kisha taa zote zikazimwa na kinanda kikaanza kulia polepole. Kwenye pazia jeupe ikatokea sura ya mzee wa Kihindi, jina lake likiwa limeandikwa chini. Watu wakapiga makofi. Sura ikafifia. Akaja mwimbaji wa Nairobi, makofi yakazidi. Akaja mwanamke wa Kizungu mwenye mabega wazi.

"Hawa wote walikufa pamoja?" Bitutu aliuliza. "Ilikuwa ajali ya gari?"

"Nyamaza, mke wa kaka. Kila mtu kivyake."

"Basi mbona wanaliliwa pamoja? Na mbona hawaliliwi?"

Hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Hakuna aliyelia. Wale wa vikombe walikuwa wamelia, na sasa kwa wafu watu walipiga makofi, tena bila usawa: huyu mengi, yule machache, kana kwamba baadhi walikufa vizuri kuliko wengine. Mkono wake ulinyanyuka upige kofi, ukarudi pajani. Aliogopa kupiga. Aliogopa pia kutopiga.

Ndipo Nyasani akatokea.

Hakuwa picha iliyosimama kama wale wengine. Alikuwa akitembea. Alikuja kutoka katikati ya mistari ya chai, kofia ikiwa upande, miguu ikigombana, na nyuma yake kulionekana kilima ambacho Bitutu alikipanda kila siku. Alikuwa mnene kidogo kuliko alivyomkumbuka. Shati lile Bitutu alilishona mwenyewe. Watu wakaanza kucheka, na Persis akacheka kuliko wote, machozi yakimtoka. Bitutu aliegemea mbele, akashika kiti kwa mikono miwili, akafungua masikio yake yote.

Nyasani akafungua kinywa.

"Mimi sijalewa. Ni dunia hii iliyolewa."

Ilikuwa sauti laini, safi, ya kijana, yenye L zote mahali pake. Sauti ya mtu mwingine kabisa.

Nyasani akaanguka kikapuni. Jumba zima likaangua kicheko, likapiga makofi.

"Huyo si yeye!" Bitutu alikuwa amesimama. "Si yeye! Ni nani huyo aliye ndani yake?"

Alisema kwa Ekegusii, kwa nguvu, na wanawake wachache wa mjini waliomwelewa walidhani uchungu umemzidi, wakaanza kulia pamoja naye kutoka viti vya nyuma. Wageni wa Nairobi hawakujua kama kilio kile kimo katika ratiba. Baadhi yao walikipigia makofi. Persis alimvuta nguo mpaka akaketi. Kwenye pazia alishafika marehemu mwingine, mwenye miwani, na kinanda kilikuwa kinaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Taa zikawaka. Yule kijana wa suti ya kijivu akarudi jukwaani.

"Mabibi na mabwana," alisema, "tunaungana na familia zao..."

Bitutu alimkazia macho. Alimwacha aseme sentensi ya pili, halafu ya tatu, ili awe na hakika. Ilikuwa sauti ile ile, ile iliyotoka sasa hivi kinywani mwa mumewe.  Hakujua kama sauti ya kijana huyu ilikuwa imeingia ndani ya Nyasani, au kama kitu cha Nyasani kilikuwa kimebaki ndani ya kijana huyu. Aliinuka akatoka nje, na mwanga wa alasiri ukampiga machoni kama maji.

Kijana alimfuata wakati wa mapumziko. Aliwakuta wanawake wale wawili wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, Persis akiwa bado anafuta macho.

"Bwairire, mama," alisalimu kwa Ekegusii.

Bitutu alishtuka. "Wewe ni Mgusii?"

"Mimi ni Ahmednoor, mtoto wa Warsame mwenye duka la vitambaa nyuma ya soko. Nimezaliwa hapa hapa. Nikakulia na watoto wenu. Kazi ndiyo ilinipeleka Nairobi." Alitazama chini. "Nilikuona ulipoinuka. Wewe ni mke wa mzee Nyasani."

"Ulifanya nini na sauti yake?"

Alilijibu swali hilo bila kuzunguka. Wakubwa wa filamu walikuwa wamesema Kiswahili cha Nyasani hakitaeleweka Mombasa wala Dar es Salaam. Wakamfungia Ahmednoor kwenye chumba kidogo, akaitazama midomo ya Nyasani na kusema maneno juu yake mpaka yakalingana.

"Baba Nyamoita aliambiwa?"

"Sidhani, mama. Hakuna aliyeambiwa."

Bitutu alikumbuka ile siku ya Keroka, na viatu vilivyovuliwa bila neno. "Alilisikia," alisema polepole. "Alirudi nyumbani na hilo, akanyamaza nalo." Kisha akauliza, "Na yake iko wapi? Ile yenyewe?"

"Ilifutwa. Hawakuiweka."

Persis alitoa sauti ya mtu aliyejikwaa.  Ahmednoor alisimama akionekana kama mtu anayetaka kuondoka na hawezi.

"Niliisikiliza mara nyingi sana kabla ya kuifunika," alisema hatimaye. "Ilibidi. Nikiisema kama yeye, utaudhika?"

Bitutu aliinua macho, akamtazama kinywa. Kijana alikohoa, akalegeza mabega, akashusha kidevu.

"Mimi sijarewa. Ni hii dunia imerewa."

Persis aliruka nyuma akashika ukuta. Bitutu alitega sikio. Mkwaruzo ulikuwepo. Pumzi ilikuwepo. Lakini palikuwa na kitu kilichokosekana, na kabla hajajizuia alikuwa amekwisha kusema:

"Hapana. Sivyo. Lile neno dunia hulisemi hivyo. Alilivuta."

"Nii hii duunia..."

"Usilivute mwanzoni, livute mwishoni. Kama unamvuta mbuzi."

Alijaribu tena. Akakosolewa. Akajaribu tena, na mara hiyo Nyasani alisimama pale ukutani, kwenye jua la saa kumi, ndani ya suti ya kijivu ya mtoto wa Warsame. Bitutu alicheka. Kicheko kilitoka tumboni, kikafika kooni, kikageuka kilio, kisha kikawa vyote viwili pamoja, asijue kimoja kinaishia wapi. Alitaka kumkumbatia kijana yule. Alitaka pia kumpiga kofi. Alimfanyia lile alilofundishwa kumfanyia mtu yeyote aliyekuja msibani: alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia.

Kisha mtu akaita kutoka mlangoni kwamba vikombe vilivyobaki vinangoja, na Ahmednoor akaingia ndani. Wakiwa bado kivulini, walimsikia akizungumza kwa ile sauti yake laini, na watu wakimpigia makofi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Persis alieleza abiria mambo yote. Bitutu alishika ua lake la karatasi. Alipoulizwa na majirani Nyasani alifanyiwa nini, alisema, "Walimcheka, wakampigia makofi." Na alipoulizwa kama hilo ni jema au baya, alisema hajui.

Habari ilifika kanisani, kama ilivyotarajiwa. Siku chache baadaye mzee Abner, mkubwa wa wazee wa kanisa, alikuja na fimbo yake, akaketi, akasema kwamba dada mpendwa alionekana akiingia jumba la sinema, na kwamba kanisa lingependa kusikia toba yake.

"Nitatubu, mzee," Bitutu alisema. "Lakini nisaidie. Nitubu kuingia, au kulia, au kucheka? Maana vyote nilivifanya, na sijui kipi kilikuwa kosa."

Abner aliinamia fimbo yake. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika mkewe, Drusilla, miaka miwili nyuma, na tangu hapo nyumba yake ilikuwa haina picha hata moja ya marehemu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpiga picha. Alitazama mlango, akahakikisha hapana mtu.

"Ulimwona kweli?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilimwona."

"Akitembea?"

"Akitembea kwenye chai yetu. Shati lile lile."

Mzee aligeuza fimbo yake mkononi, akaigeuza tena. Suala la toba halikutajwa tena siku ile.

"Mama Nyamoita," alisema mwishowe, "wale watu... wanaweza kumwonyesha mtu ambaye hakuigiza? Mtu wa kukaa tu nyumbani?"

"Sijui, mzee," Bitutu alisema. "Kwa kweli sijui wanafanyaje."

Akainuka, akaenda kumchemshia chai.