Kiti cha Mwisho Kwenye Kwaya

Miezi sita baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo, Lidia Mgaya wa Makambako, mama Obed kwa majirani, alikuwa amejifunza upya kutembea, kufunga vifungo na kumenya viazi. Kilichobaki kumsumbua ni kibofu. Mkojo ulimbana ghafla, na mara mbili ulimtoka kabla hajaufikia mlango wa choo.

Alichotaka ni kimoja tu, kurudi kwaya. Lakini ibada ya Jumapili huchukua saa mbili na nusu, na wanakwaya huketi mbele, machoni pa usharika mzima.

Akaona dawa ni kuacha kunywa. Kuanzia Jumamosi mchana hakugusa maji wala uji. Alipokwenda kliniki Njombe, Erica, mtaalamu wa mazoezi tiba, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza kwamba mkojo mzito hukichokoza kibofu zaidi. Anywe kama kawaida, ila aende chooni kwa saa, asingoje kubanwa. Aanze na kila baada ya saa moja, akizoea aongeze robo. Na yale mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga asiyaache.

Kufikia Agosti aliweza saa moja na nusu. Akamwendea Mika, mwalimu wa kwaya, akamweleza yote huku akitazama viatu vyake mwenyewe. Mika hakushangaa. Alimhamisha kutoka katikati ya mstari hadi kiti cha mwisho, karibu na mlango wa pembeni.

"Utatoka wakati wa matangazo," alisema. "Mzee wa kanisa akishaanza kusoma, hata mchungaji anatamani kutoka."

Jumapili iliyofuata Lidia alikunywa chai yake yote asubuhi. Matangazo yalipoanza alisimama, akatoka. Hakuna aliyegeuza shingo. Aliporudi, sketi yake ya sare ikiwa kavu, matangazo yalikuwa bado yanaendelea. Nelly, jirani yake wa sauti ya pili, akavuta miguu kumpisha.

"Umepangwa zamu ya kufagia kanisa Jumamosi," alinong'ona. "Wewe na mimi."

"Wamesoma jina langu?"

"Wamelisoma. Katafute ufagio, mama Obed, usije ukanitegea."

Tangu Desemba jina lake lilikuwa likisomwa kila Jumapili, lakini kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Matangazo yalipoisha, Mika akainua mikono. Lidia akasimama na wenzake, akaimba.