Injini ya Baba Katika Gari la Viti Viwili

Vijana wa gereji huniuliza mpaka leo kama injini ya kampuni moja inaweza kukaa katika gari la kampuni nyingine. Inaweza. Huwajibu taratibu, kwa sababu ni swali zuri na anayeuliza hapaswi kuchekwa. Gari halijui nani kaliunda. Linataka injini ikae pasipotikisika, giaboksi ishikane nayo, nguvu ifike magurudumu ya nyuma, na maji yapate pa kupolea. Ukilipa hayo litakwenda, na halitakuuliza injini ilikuwa ya nani.

Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi. Ya kwanza sikuifanya kwa kupenda.

Tulikaa Temeke, enzi za Mwingereza, na baba alikuwa na teksi. Lilikuwa gari jeusi la Kiingereza, la milango minne, na injini iliyokuja nalo ilikufa zamani. Vita vilipokwisha, jeshi likawa linauza magari yake mabovu. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja aliyekaa Kinondoni, akapata humo injini ya Kimarekani ya silinda sita. Akaileta kwa mkokoteni mpaka uani kwetu, akijipangusa jasho kwa kofia. "Haya kaka, chukua, tufanye kazi," akasema. Mama aliyasikia maneno hayo, nami niliyasikia. Hakuna aliyeuliza kama ni zawadi, au mkopo, au ubia. Wale walikuwa ndugu wanaokula sinia moja. Ungeanzaje kuuliza?

Injini ile ilikuwa na sauti yake. Silinda sita zikiwa nzima hutoa mngurumo laini, kama mtu anayejisomea kwa sauti ya chini. Lakini vali moja ya ile ya baba ilikuwa imelegea kidogo, ikawa inagonga, tik tik tik, kama cherehani chumba cha pili. Na baba alipoinua mguu kuachia mafuta ili avuke mtaro ulio karibu na nyumba yetu, bomba la moshi lilikohoa, likatulia, likakohoa tena. Nilipoanza kazi gereji nilimwambia kwamba vali ile ni kazi ya asubuhi moja tu.

"Iache," alinijibu. "Ukiirekebisha, mama yako atajuaje nimefika?"

Na kweli, kikohozi cha pili kilimkuta mama ameshaweka birika juu ya makaa.

Baba alifariki kwa homa. Mama akakaa eda, ndani, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka kwa mjane, haonekani na mwanamume anayeweza kumwoa. Arobaini ilipopita wanaume walikaa mkekani chumba cha mbele kuzungumza mirathi, na mama akawa nyuma ya pazia.

"Shemeji," baba mdogo akasema, akilielekea pazia, "una haja gani?"

"Nina haja moja tu. Gari la mume wangu lisiuzwe. Tutampa dereva, wadogo hawa wapate kula."

"Gari haliuzwi."

"Alhamdulillahi."

"Ila injini ni yangu, nami nitaichukua."

Jirani mmoja akacheka kwa mshangao. "Sasa gari bila injini litakwenda kwa dua?"

"Nimesema haliuzwi," baba mdogo akajibu. "Sijasema litakwenda."

Shehe aliyesimamia mirathi alijaribu kutusaidia. Aliuliza kama kuna shahidi wa zawadi. Mama akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mimi. Alisema, chukua."

"Nilisema, tufanye kazi," akajibu baba mdogo. "Aliyefanya kazi hayupo. Kazi imekwisha."

Niwaeleze jambo hili vizuri, maana kwa miaka mingi sikulielewa mwenyewe na nilimchukia shehe bure. Kwamba injini ililetwa na baba mdogo, hakuna aliyekataa. Sisi ndio tuliodai kwamba aliitoa zawadi, kwa hiyo sisi ndio tuliotakiwa kuleta shahidi, na shahidi asiwe mrithi. Waliosikia walikuwa mama na mimi, wote wawili warithi. Ikabaki baba mdogo aape kwamba hakutoa zawadi. Akaapa. Sauti haikumtetemeka. Wazee wakautazama mkeka, kila mmoja kama aliyedondosha sindano.

Akaja na watu wake wakaing'oa. Teksi ikabaki uani, mdomo wazi, mabomba ya maji yakining'inia. Hazikupita siku nyingi kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Aliyeinunua alikuwa kijana wa Kiarabu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa amepata kwa afisa mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akirudi kwao gari la viti viwili, la mbio, jekundu, lisilo na paa. Aliliendesha bila maji mpaka injini yake ikapasuka. Akalileta gereji nilikofanya kazi, na injini ya baba imelazwa kwenye mkokoteni pembeni. Mwenye gereji akaniita. "Hii unaijua wewe. Ifunge."

Yule kijana alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinichoma kuliko ubaya. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Fundi, nimeambiwa ilikuwa ya marehemu mzee wako. Mungu amrehemu. Ifunge vizuri, ndugu yangu. Ikilia barabarani itakuwa kama mwenyewe yupo."

Ningekataa, ningefukuzwa, na nyumbani palikuwa na midomo iliyonitegemea. Nikaifunga.

Sasa tazama kazi yenyewe, wala usiogope, haina uchawi. Tulisimamisha boriti tatu za mkoko, tukazifunga juu, tukatundika kapi na mnyororo, tukaishusha injini polepole. Haikuingia. Silinda sita ni ndefu kuliko nne za ile iliyopasuka, hilo hata mtoto ataliona. Basi rejeta, ile ya kupozea maji, tukaisogeza mbele, na ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu ya dereva tukaukata na kuurudisha nyuma. Vikalio vya zamani, vile vyuma vinavyobeba injini, havikukutana na matundu mapya, nikavichonga vingine kwa chuma cha reli, nikaweka vipande vya tairi katikati ili kupunguza mtikisiko. Giaboksi tuliitumia ile ile iliyokuja na injini. Kwa hiyo mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma ukawa mrefu mno, tukaukata na kuuchomea upya, kisha nikaukagua mara nyingi usije ukapinda. Ukipinda hata kidogo gari zima litatetemeka, na dereva atailaumu injini isiyo na kosa.

Wenzangu walinitania. "Umemvisha tembo ngozi ya sungura," akasema mmoja. Mwingine akapiga boneti, ambayo haikufunga mpaka tulipoitoboa juu. "Hili likipiga breki, pua itatangulia Kariakoo, matako yatafuata kesho."

Nilicheka pamoja nao. Vali ile sikuigusa, kwa kuwa mwenye gari hakuniagiza.

Siku alipolichukua nilirudi nyumbani nikamkuta mama ukumbini, amekaa kigoda, na birika linatokota. Hapakuwa na mgeni.

"Nimeisikia," akasema.

Nikavua viatu, nikakaa karibu naye.

"Nani anaiendesha?"

"Kijana mmoja, mama. Wameitia kwenye gari dogo."

Akamimina chai, akanipa. "Anaendesha vibaya. Anachelewa kuachia mafuta pale mtaroni. Imekohoa mara moja tu."

Kuanzia siku hiyo kijana alipita karibu kila alasiri akienda dukani kwa baba yake, na mama akawa anamfundisha kutoka ndani, mtu asiyemwona wala kumjua. "Mapema, mwanangu. Mapema. Haya, sasa!" Na kijana, bila kujua kwamba ana mwalimu, akaizoea njia. Ilipokohoa mara mbili mama alipiga kofi pajani, akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia mle ndani tangu msiba. Shangazi alipomwambia kwamba kusikia vile ni kujitonesha kidonda, alimjibu, "Wamechukua cha kuuzika. Hiki hawajajua kama kipo."

Basi kikachukuliwa nacho, na bila uadui wowote. Kijana alirudi gereji amenuna. "Mzungu wa polisi kanisimamisha kule Kinondoni," akasema. "Kaniambia gari lina kelele kama kiwanda. Nilinyamazishe au lisitoke tena nje. Fundi, nisaidie."

"Kelele kidogo si mbaya," nikamwambia. "Watu wanasikia unakuja, wanapisha."

"Atakayefungwa ni mie au wewe?"

Kunyamazisha gari ni jambo rahisi, na hapo ndipo penye uchungu wake. Unatafuta mkebe mnene wa chuma, unapitisha ndani yake bomba lenye matundu mengi madogo, moshi unatoka ukiwa umechoka na hauna tena nguvu ya kupiga kelele. Kikohozi kikaisha hapo. Kisha mwenye gereji akasimama nyuma yangu, akasikiliza, akasema, "Na ile vali." Nikafungua kifuniko, nikapima nafasi kwa kibati chembamba, nikakaza nati, nikafunga. Nikaiwasha. Ikanguruma laini na safi, kama injini nyingine yoyote mjini. Kijana alinikumbatia.

"Leo hakupita," mama akasema jioni ile.

"Labda ana shughuli."

Kesho yake akasema tena. Siku zilizofuata hakusema. Birika aliliweka nilipoingia mimi, na mimi nilikuja kwa miguu.

Baba mdogo alikuja siku ya Idi, akanipa mkono wangu wa Idi kama kawaida, akatoka uani akalipapasa paa la teksi. Kuku wakaruka. "Unaona?" akaniambia. "Gari la kaka lipo. Mie nikisema neno, nimesema." Nikamwitikia, ndiyo baba. Tulifundishwa kuwaitikia wakubwa, nami nililishika somo hilo vizuri kuliko mafunzo mengi.

Eda ikaisha. Wanawake walimwogesha mama, akavaa kanga mpya, na jambo la kwanza alilolitaka ni kuliona kaburi, maana siku ya maziko wanawake hawakwenda. Nikamsindikiza. Macho yake yalikuwa hayajazoea jua, akatembea amejikinga kwa ncha ya kanga. Karibu na mtaro nikaliona gari jekundu linakuja mbele yetu. Nilimshika mama kiwiko, tukasogea pembeni ya barabara. Kijana alipotuona akaachia mafuta mapema, kama alivyofundishwa, akapita taratibu asitutimulie vumbi.

"Shikamoo, mama!" akaita, mkono juu.

"Marahaba, baba."

Mama akageuka kulitazama mpaka lilipopinda kona.

"Kijana gani yule mwenye adabu hivi?"

"Mteja wa gereji, mama."

"Na gari lake zuri," akasema, akijitengeneza kanga kichwani. "Halina kelele."

Nikamwambia ndiyo, halina. Tukavuka mtaro, tukashika njia ya makaburini.