Besi Iliyotoweka Kwenye Pijo Nyeupe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipekuliwa mara mbili, nikiingia na nikitoka. Asubuhi nilikuwa na bisibisi moja na chakula changu kwenye kikopo. Jioni nilikuwa na vitu hivyo hivyo, ila chakula kimeisha, na bado Msimamizi aliniambia nivue viatu. Alikuwa mtu mfupi, koti la kijivu halimtoki mwilini hata jua liwake vipi. Akaingiza mkono ndani ya kiatu changu mpaka penye vidole.

"Hapa kila mtu ni mwizi mpaka nimalize kumpekua," akasema. "Usinikasirikie, kijana. Hata mimi nyumbani napekuliwa."

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, kwenye karakana moja ya redio kando ya Jogoo Road, Nairobi. Nyinyi mnaofunga miziki ya magari siku hizi mnanunua spika kama mkate. Wakati wetu spika nzuri ililetwa na shemeji wa mtu kutoka ng'ambo, imeviringishwa ndani ya blanketi. Ikiungua, basi tena. Kwa hiyo mwenye gari alikaa pale pale akituchungulia tukifanya kazi, na redio ikiibwa kwenye gari mtaani Buruburu, polisi walianzia kwetu. Nani mwingine alijua gari gani lina nini? Hata sisi kwa sisi tuliangaliana kwa jicho la pembeni. Mimi sikuwahi kwenda msalani bila kufunga kisanduku changu na kufuli.

Nilianzia kitengo cha redio za nyumbani, chini ya Fundi Mkuu, mzee wa maneno machache aliyevaa miwani miwili kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, vijana wa mjini walipoanza kutaka muziki wa kutikisa kifua, akanihamishia kwenye magari. Kazi yangu ikawa kurekebisha amplifaya, ile mashine inayokuza sauti ya redio, ili iende sawa na wufa, yaani spika kubwa ya besi, ile sauti nene ya chini.

Watu wengi walidhani kile kijiskrubu cha geini kwenye amplifaya ni cha kuongeza sauti. Wanakizungusha mpaka mwisho, halafu wanakuja kulia wufa imetoa moshi. Hapana. Geini ni ya kuilinganisha amplifaya na redio. Unaiteremsha mpaka chini kabisa, unaifungua redio robo tatu, kisha unaipandisha polepole hadi usikie sauti inaanza kupasuka. Hapo unarudi nyuma kidogo, unaacha. Halafu unaweka kichujio, kile kinachozuia sauti nyembamba zisiingie kwenye wufa. Nilipojiona nimemaliza gari langu la kwanza, Fundi Mkuu akaingia akaketi kiti cha mbele.

"Funga macho. Besi iko wapi?"

"Nyuma, kwenye buti."

"Basi hujamaliza. Ikiwekwa sawa huwezi kujua iliko. Utaisikia hapa mbele, pamoja na mwimbaji."

Alipostaafu, kiti chake kikabaki wazi. Msimamizi akaninong'oneza, "Ukikaa vizuri, hicho ni chako." Basi nikakaa vizuri. Nilikuwa na macho kila upande kama mtu aliyebeba mayai sokoni.

Mtu niliyemtilia shaka zaidi alikuwa Mutiso. Yeye ndiye aliyetengeneza makasha ya wufa. Alikuwa wa Machakos, mwana wa mchonga vinyago, na mkono wake kwenye mbao haukuwa na mfano pale karakana. Kasha la wufa si sanduku la nguo. Hewa ikivuja hata kwa tundu la sindano, besi inalia kama debe. Mutiso alipitisha moshi wa sigara kwenye kila kiungo, akitazama kama unayumba. Hakupiga soga, hakukopa, hakulalamika. Sasa mtu wa namna hiyo, nilijiuliza, anaficha nini?

Ndipo akaja Bwana Karani, mtu wa ofisi ya serikali aliyekaa Buruburu Phase Two, na gari lake, Pijo nyeupe, na wufa mbili alizoletewa na ndugu yake. Tukamfungia, besi ikaja vizuri, akaenda zake anacheka. Baada ya wiki akarudi: kasha linagugumia, na besi inamfunika mwimbaji. Tumrekebishie. Ilikuwa Alhamisi, na akatuachia gari akaenda ofisini. Mutiso akazitoa wufa, akakaza kasha kwa ndani, akazirudisha. Mimi nikachomoa waya kwenye amplifaya ili nipime kila wufa peke yake, nikaweka geini na kichujio, nikaunganisha tena. Nilikuwa na haraka, kuna gari lingine lilikuwa linapiga honi langoni.

Jioni Bwana Karani akawasha redio. Besi hakuna. Ngoma zililia kama mtu anayegonga meza kwa kucha.

"Mmeuza spika zangu!" akafoka. "Mmeziuza mkanitilia takataka! Ati mlidhani mimi ni mjinga?"

"Fungua kasha," Msimamizi akamwambia Mutiso.

"Ukingo wa wufa nimeutia gundi. Tukizing'oa, karatasi ya spika itapasuka, na hizi hazipatikani."

"Gundi? Mbona siku ya kwanza hukutia gundi?"

"Siku ya kwanza hewa haikuwa inavuja."

Watu wote wakamtazama. Na mimi, ambaye hakuna mtu aliyeniuliza kitu, nikafungua domo langu. "Mchana, Msimamizi ulipokwenda kula, nilimwona akitoka na mzigo ndani ya gunia."

Ni kweli nilimwona. Sikudanganya hata neno moja.

"Yale ni mabaki ya mbao," Mutiso akasema. "Baba yangu yuko kwangu, anachonga vijiko vya kuuza."

"Mabaki!" Msimamizi akapiga makofi. "Sikiliza wewe. Una mpaka Jumamosi saa sita. Spika za Bwana Karani zirudi hapa, la sivyo utajieleza kituo cha polisi." Enzi zile kuingia kituoni kwa kesi ya wizi wa redio haikuwa mchezo. Walioingia kwa miguu yao tuliwaona wakitoka wakishikiliwa.

Ijumaa Mutiso hakuja. Pijo ilikuwa imebaki kwetu kama ushahidi. Saa kumi alasiri Msimamizi alipokwenda mjini, nikaingia kwenye buti. Sikuwa na huruma, tusidanganyane. Nilitaka kujua ni takataka gani Mutiso aliweka ili Jumamosi niwe na la kusema.

Kipimo chetu kilikuwa betri ya tochi. Unachomoa waya za wufa kwenye amplifaya, unazigusisha kwenye betri, ile iliyotoka chanya ya amplifaya kwa chanya ya betri. Wufa nzima inaruka mbele kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa. Ya kwanza ikaruka mbele. Ya pili ikazama ndani.

Nikarudia. Nikarudia tena. Moja mbele, moja ndani. Moja ilikuwa inasukuma hewa na mwenzake anaivuta, kwa hiyo zilikuwa zinakulana, na besi yote inapotelea humo humo ndani. Hazikuwa takataka. Waya za ile ya pili zilikuwa zimegeuzwa kwenye amplifaya, nyekundu pahali pa nyeusi. Na tepu iliyofungwa pale ilikuwa imekunjwa ncha, ili iwe rahisi kuibandua. Karakana nzima mtu mmoja tu ndiye aliyekunja ncha ya tepu, naye ni mimi.

Woi! Nikazigeuza waya, nikawasha redio, na besi ikarudi mpaka mabati yakaitikia. Nikazima upesi.

Nitawaambia nilichofikiria, maana umri huu sina wa kumwogopa. Nilifikiria kile kiti. Nikajiambia, besi imerudi, kesho Bwana Karani atasikia, maneno yataisha yenyewe, kwani lazima mtu ajianike? Nikaenda nyumbani, mtaa wa Umoja. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa Mutiso, Mowlem, ni mwendo wa dakika ishirini. Nilikunywa chai, nikasikiliza taarifa ya habari, nikalala.

Jumamosi asubuhi Bwana Karani akageuza ufunguo, besi ikamjia kifuani. Nikangoja afurahi. Msimamizi akaruka.

"Si nilisema? Amezirudisha!"

"Na gundi je?" Bwana Karani akauliza. "Mbona naona haijaguswa?"

"Fundi wa mbao atakosa gundi? Huyu ana ufunguo wa lango letu, nawaambia. Atatafutiwa polisi hata kama amezirudisha." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemwona. Utaandika."

Nami nikaufyata. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita, nimeufyata.

Karibu saa sita Mutiso akaingia, nyuma yake mzee mwenye kofia na gunia begani. Mzee akavua kofia. Akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, hata mimi. Kisha akafungua gunia akatoa wufa mbili kuukuu, hata hazifanani.

"Wanangu," akasema, "nimesikia kijana wangu amechukua vitu vya watu. Yeye anakataa, nami namwamini. Lakini sitaki aingie kituoni. Nimewaletea hizi."

"Umezitoa wapi, mzee?" Msimamizi akauliza, jicho limemtoka.

"Soko la Gikomba, alfajiri. Nimebadilishana na vyombo vyangu vya kuchongea. Tezo, patasi, vyote."

"Vyote?" Bwana Karani akashangaa.

"Hawakutaka nusu."

Msimamizi akacheka. "Sasa wameiba nne!"

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Ni mimi. Niligeuza waya." Mnajua walifanya nini? Hawakuniamini. Msimamizi alinitazama kwa jicho lile lile alilotazamia viatu vyangu. "Kumbe mko wawili," akasema. Ikabidi niwaonyeshe. Nikageuza waya, besi ikafa. Nikazirudisha, ikafufuka. Nikafanya hivyo mara tatu mbele yao, mpaka Bwana Karani akasema, "Inatosha, bwana, tumeona." Akaenda akamshika mzee mikono miwili akamwomba radhi. Msimamizi alifunga vifungo vya koti, akaingia ofisini.

Mutiso akanijia karibu. "Ulijua lini?"

"Jana. Saa kumi."

Akamtazama baba yake aliyekuwa anarudisha zile wufa kwenye gunia.

"Jana saa kumi vyombo vilikuwa nyumbani," akasema. "Na kwangu unakujua."

Tulikimbia Gikomba wote watatu. Mwenye kibanda alisema seremala asiyemjua amevichukua vyote asubuhi ile ile. Bwana Karani alimnunulia mzee vyombo vipya. Mzee akavijaribu kwa kidole, akashukuru sana, akarudi Machakos. Mutiso aliniambia siku moja, bila mimi kumuuliza, kwamba bado vimefungwa kwenye karatasi ya dukani. Vile vya zamani vilikuwa vya babu yake.

Kiti cha Fundi Mkuu nilipewa mwaka uliofuata. Ndiyo, mimi. Msimamizi alisema mtu anayekiri makosa hatawaibia, na bado jioni alinivua viatu. Mutiso alirudi kazini, maana watoto walikuwa wanataka kula, na tukafanya kazi pamoja mpaka nikastaafu. Hakunitukana hata siku moja. Lakini kila kasha alilolimaliza, kabla ya kulifunga, alisimama mlangoni kwangu akasema, "Njoo utazame kabla sijaziba." Nami nilikwenda nikatazama. Miaka yote ile.

Vijana huniuliza siri ya kuweka besi. Pimeni kwa betri kabla ya kufungua mdomo, huwaambia, nao hucheka wakidhani nawatania. Mimi sitanii. Nimewahi kuona aibu nyingi katika maisha yangu, lakini ile ya kunyoosha mkono nikapokea salamu ya yule mzee ndiyo inayoniamsha.

Siku yangu ya mwisho nilikuwa nafunga kisanduku changu niende, Mutiso akasimama mlangoni.

"Njoo utazame kabla sijaziba."

"Ziba tu, ndugu yangu," nikamwambia. "Nakuamini."

"Tazama," akasema.

Nikainama, nikatazama.