Mkuki wa Shemeji Derda

Shemeji yangu Derda alikwenda mpaka mwisho wa dunia, akarudi, na bado kwenye karamu za kijiji chetu aliketi kwenye kigoda pamoja na watoto.

Niseme mapema mtu asije akadhani namdharau. Derda nilimpenda, ila kupenda kwangu kuna kelele. Lakini desturi yetu huku mlimani, juu ya mji wa Beroya, haina mjadala: mwanamume ambaye hajaua nguruwe mwitu peke yake, bila wavu, haruhusiwi kujinyoosha kwenye kitanda cha karamu. Wenzake wameegemea kiwiko, wanang'ata nyama polepole, yeye kakaa wima kwenye kigoda, magoti yanakaribia kidevu. Hata awe na mvi.

Na Derda angeua nguruwe saa ngapi? Mfalme Filipo alimchukua jeshini akiwa mchunga mbuzi, ndevu hazijamtoka. Alipopewa ruhusa ya kuja nyumbani akamwoa dada yangu, wakapata binti, Fila, na muda si muda akaitwa tena. Fila alikuwa na miaka sita Aleksanda mwana wa Filipo alipovuka bahari kwenda kuwapiga Waajemi. Derda akavuka naye, safu ya tatu, mkuki begani. Mwaka wa pili wa vita dada yangu akafa kwa homa. Mimi, Kinna, mjane nisiye na mtoto, nikamchukua Fila, nikamlea.

Miaka kumi na miwili! Habari za vita zilikuwa zikitufikia zimeshachacha. Tulichinja kondoo kushangilia kutekwa kwa Babeli wakati wao walishatoka Babeli zamani, wanaganda kwenye theluji ya milima ambayo hakuna aliyejua jina lake. Fila alikuwa akiniuliza, "Mama mdogo, baba yuko wapi sasa?" nami namwonyesha upande jua linakochomoza. Kila mwaka mkono wangu ulionyesha palepale, na kila mwaka yeye alizidi kwenda mbali.

Alirudi mwaka uliofuata baada ya mfalme Aleksanda kufia huko Babeli. Wengine walirudi na vikombe vya fedha. Derda alirudi na goti bovu, kikohozi, na mkuki wake wa vita, ile sarisa ya dhiraa kumi na mbili. Nyumba yetu haikuutosha. Tuliupitisha juu kwenye boriti, kichwa cha chuma kikatokeza upande wa mashariki na kitako upande wa magharibi. Upande wa kitako nikawa naanikia sufu. Alipoona mara ya kwanza alifumba macho.

Ukitaka kuvijua vita vya Aleksanda, Derda si mtu wa kumuuliza. Watoto walimzunguka kila jioni.

"Babu, mfalme alikuwaje?"

"Nilimwona mara nne. Mbili kati ya hizo lilikuwa vumbi la farasi wake."

"Sasa ulikuwa unaona nini?"

"Kisogo cha Peukolao. Alikuwa mbele yangu kutoka huku mpaka Uhindi. Kisogo chake nakijua kuliko uso wangu."

Basi dunia nzima ilishindwa mbele ya kisogo cha Peukolao. Pale Tiro, alisema, kwa miezi saba walibeba mawe na kuyatupa baharini mpaka kisiwa kikaacha kuwa kisiwa. Uhindi ilikuwa mvua siku sabini, viatu vikaoza miguuni, wakafika kwenye mto mmoja wakamwambia mfalme basi, hatuvuki. "Akanuna hemani siku tatu," Derda alisema, "halafu tukageuka." Na watoto walipomuuliza ameua watu wangapi, jibu lake lilikuwa moja siku zote.

"Tuliua. Mimi sijui. Mkuki wa mtu wa nyuma unapita hapa sikioni, wa nyuma yake unapita hapa, yote inaelekea mbele. Unasukuma. Nani ajue wa nani umempata nani?"

Watoto waliondoka wamevunjika moyo. Waliona heri wamsikilize Mahata.

Mahata ni kaka mkubwa wa Derda. Hakuwahi kutoka kwenye mlima huu. Ila aliua nguruwe mmoja ujanani, na yule nguruwe amekuwa akiongezeka ukubwa kila mwaka kuliko alivyokuwa hai. Sisemi ni mtu mbaya. Miaka ile yote hakutunyima kuni wala jibini. Lakini alizoea kuwa mwanamume wa nyumba mbili, na mazoea yana taabu.

Mwaka wa pili tangu Derda arudi, Fila akachumbiwa na Korago, mfuga farasi wa bondeni, kijana mpole, mwenye meno yake yote. Kwetu ndoa haiwi ndoa mpaka mkate ukatwe. Baba wa bibi harusi anaushika mkate mikononi, bwana harusi anaukata kwa upanga, maharusi wanakula, kwisha, binti ametolewa. Na mshika mkate lazima awe amejinyoosha kitandani. Mtu wa kigodani hatoi mtoto.

Mahata alikuja asubuhi, akasimama mlangoni.

"Mdogo wangu, usijali. Mkate nitashika mimi."

"Haya, kaka," Derda akasema.

"Sheria si yangu."

"Haya, kaka."

Nilitamani kuwapiga wote wawili na mwiko. Alipoondoka nilimgeukia Fila, maana nilikuwa sijamsikia akisema lolote. Yeye na baba yake walikuwa bado wanaishi kama mgeni na mwenyeji, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni. Alikuwa anachambua dengu.

"Nawe? Unataka nani?"

Hakuinua macho. "Nilimngoja miaka kumi na miwili, mama mdogo. Namtaka baba yangu. Sitaki kutolewa na mtu mwingine."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Derda alikuwa nyuma ya ukuta, anachonga mpini wa jembe. Nikasikia kuchonga kumekoma.

Kulipopambazuka siku ya pili, zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya harusi, sufu yangu ilikuwa imelala chini na mkuki haupo.

Nilijua papo hapo. Nguruwe anauawa kwa mkuki mfupi mnene, mtoto mdogo kwetu anajua hilo. Mzee mzima kabeba mti wa dhiraa kumi na mbili kuuingiza msituni! Na goti lile! Na hajala! Nikafunga mkate na kitunguu kwenye kitambaa cha kichwa changu, nikafuata alama ya kitako cha mkuki, iliyoburuzwa chini kama mtu aliyepiga mstari kutoka mlangoni petu mpaka kwenye msitu wa mialoni.

Nilimkuta amenasa. Kichwa cha mkuki kilikuwa kimepita katikati ya mialoni miwili, mpini wake umeingia kwenye vichaka, naye kasimama ameushika kwa mikono yote miwili, jasho linamtiririka, hawezi kwenda mbele wala kugeuka.

"Shemeji," nikasema, "huyo nguruwe umemwomba asimame upande gani?"

"Kinna, rudi nyumbani."

"Achia huo mti uje ule."

"Siachii."

"Kwa nini?"

"Aliyeachia mkuki alichapwa," akasema. Kisha akasema taratibu, "Sijui kusimama peke yangu, Kinna. Tangu nikiwa kijana kulikuwa na mtu kulia na mtu kushoto. Nimekaa hapa tangu alfajiri nageuka kumtafuta Peukolao."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha siku nzima, yakaniishia yote.

Ndipo vichaka vya kushoto vikavunjika, nguruwe akatoka. Dume, manyoya yamesimama mgongoni. Alituangalia kama mwenye shamba anavyowaangalia wezi. Derda akajaribu kuuzungusha mkuki, mkuki ukagonga mwaloni. Nami nikageuka nikimbie, sitakudanganyeni.

"Shika nyuma!" Derda akapiga kelele. Ile haikuwa sauti ya shemeji yangu wa kigodani. "Shika nyuma, Kinna! Vuta! Vuta! Sasa chini! Kitako ardhini!"

Nikashika, nikavuta, mkuki ukachomoka kwenye mialoni. Nikakikandamiza kitako ardhini kwa goti na kifua na kila kitu nilichonacho, yeye akaushusha mbele, nguruwe akaja. Alijichoma mwenyewe. Ule mti ulipinda mpaka nikasikia unalia, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, nguruwe alikuwa amelala, na Derda bado anasema kwa sauti ya chini, "Shikilia. Shikilia. Shikilia."

Tulikula ule mkate na kitunguu tumekaa juu ya mzizi. Nikamwambia maneno machache.

"Sikuwepo hapa. Umesikia? Uliua mwenyewe."

Akamega mkate mwingine, nami nikachukulia amekubali.

Siku ya harusi nyumba ilijaa. Nguruwe alichomwa mzima, watu wakamsifu Derda mpaka masikio yakamwiva. Kitanda cha baba wa bibi harusi kilitandikwa ngozi, kikawekwa mbele. Mahata alikuwa kwenye kitanda cha pili, amenuna kidogo, lakini desturi ni desturi na swali ni lazima liulizwe na mkubwa wa ukoo.

"Derda, uliua bila wavu?"

"Bila wavu."

"Peke yako?"

Mimi nilikuwa mlangoni na wanawake wenzangu, jagi la divai mkononi. Nikamkazia macho. Sema ndiyo, mzee wewe. Neno moja tu. Fila alikuwa amesimama na mkate wake, mashavu mekundu, anamtazama baba yake.

Derda akakitazama kitanda. Akanitazama mimi.

"Tuliua," akasema.

"Wewe na nani?"

"Na Kinna. Alishika nyuma. Bila yeye ningekuwa nimezikwa."

Watu walicheka. Derda akatembea kwa goti lake bovu mpaka kwenye kigoda chake kile kile, akaketi, magoti yakapanda juu. Nililia kwa hasira palepale. Kumbe alikuwa amepata kila kitu, akakirudisha kwa mkono wake.

"Basi," Mahata akasema, na sauti yake haikuwa ya furaha, hilo nakiri. Akajinyoosha vizuri, akanyoosha mikono. "Mwanangu, leta mkate."

Fila akaanza kutembea. Alimfikia Mahata, akainama kwa heshima. "Baba mkubwa, ahsante kwa kuni na jibini," akasema. Akampita. Akaenda mpaka kwenye kigoda, akapiga magoti, akauweka mkate kwenye mikono ya baba yake. Korago naye akamfuata na upanga wake, akapiga magoti pembeni. Mahata alibaki mikono imenyooshwa, kisha taratibu akairudisha kifuani.

Mikono ya Derda ilikuwa inatetemeka, mkate ukawa unatetemeka nao, na Korago hawezi kukata kitu kinachocheza. Derda akageuza kichwa kunitafuta mlangoni.

"Shemeji," akasema. "Shika nyuma."

Nikampa mwanamke wa jirani lile jagi. Nikapita katikati ya vitanda vya wanaume, nikasimama nyuma ya kigoda, nikapitisha mikono yangu chini ya mikono yake, tukaushika wote wawili mpaka ukatulia. Korago akakata.